Bastola Iliyolala Njaa

Wifi yangu alikuwa na vidole ambavyo, kama angeamua kuwa mwizi, sote tungekuwa tunatembea uchi na tunamsalimia. Nilimwona kwa macho yangu haya akimtoa paka kibanzi jichoni, na paka amelala, na hakuamka. Ndiyo maana watu walimwita Kibano. Jina alilopewa na wazazi wake lilikufa kwa kukosa wa kuliita.

Alikuwa dada wa mume wangu, na alikuwa fundi wa silaha wa kampuni ya ulinzi ambayo mume wangu aliifanyia kazi. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye ulimi ambao ungeweza kunyoa ndevu bila maji. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi: dirisha lenye nondo, meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, beseni la mafuta ya taa la kuoshea vyuma, kopo la springi zilizochoka, na ukutani pipa lililojaa mchanga. Kila bastola iliyoingia mle ilielekeza mdomo kwenye lile pipa, hata ikiwa tupu, kama mtoto aliyeambiwa aangalie ukuta.

Hakuingia pale kwa mlango wa ufundi. Aliingia na ufagio. Fundi wa zamani, mzee mmoja mpole aliyekwenda taratibu mpaka watu wakamwita Mzee Kobe, alimwona siku moja anainama kuokota pini iliyokuwa imewatoroka wanaume wazima wenye tochi. Akamwambia, "Weka ufagio, binti. Kaa hapa." Tangu hapo akamfundisha.

Na alimfundisha kwa namna yake. Alimfunga macho kwa kitambaa, akamkalisha mezani, akasimama nyuma yake na kuweka mkono wake juu ya mkono wa Kibano. Umeme pale ulikuwa unakatika ovyo, na mzee hakutaka fundi wa kukaa mikono mapajani akisubiri taa. Basi mkono wa mzee ulikuwa unauongoza mkono wa mwanafunzi: pini hapa, springi pale, pindua, sukuma. Ulikuwa mkono wa baridi. Mchana kutwa ulikuwa umelowa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaachi joto mwilini. Kibano akikosea, mkono ule ulimkandamiza mpaka akarekebisha. Akipatia, mzee aligonga meza kwa kifundo cha kidole, ko, mara moja, basi. Hakutoa sifa nyingine zaidi ya hiyo ko.

Mzee Kobe alifariki, akamwachia Kibano meza, kopo na kigoda chake. Kigoda hakuna aliyekikalia. Na Kibano aliendelea kuunganisha bastola macho yamefumbwa, hata jua likiwaka dirishani.

Siku moja nimempelekea chakula, akaniambia kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Wifi, unajua yule mzee bado anakuja?"

"Mzee yupi?"

"Kobe. Nikifumba macho anaweka mkono."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Wewe ni mafuta ya taa yanakupanda kichwani! Tafuta mume, upate mkono wa moto."

"Mume kama kaka yangu? Bora huyo aliyekufa," akajibu, na akaendelea kutafuna.

Sasa huyo kaka yake, mume wangu, alikuwa mlinzi wa gari la hela. Lile gari lilizunguka kwenye maduka kukusanya mauzo, na yeye alikaa karibu na mlango wa nyuma, bastola pajani. Mlango huohuo siku moja ulimbana kidole cha shahada. Kilipona, lakini kilipona kigumu kama kijiti. Kifyatulio cha bastola yake nacho kilikuwa kizito. Akivuta, anatetemeka mkono mzima, uso unamkunjamana kama mtu anayefungua chupa kwa meno. Kampuni ikaipeleka bastola kiwandani ilikotengenezwa, ili wailegeze.

Ikarudi ndani ya boksi, imezungushiwa karatasi yenye grisi, nzuri, inang'aa. Sasa sikiliza desturi ya pale, maana mambo yote yameanzia hapo. Bastola ikirudi kutoka nje, Kibano hamkabidhi mtu mpaka ailaze njaa. Ndivyo walivyokuwa wanasema. Anaitoa risasi zote, anaipandisha nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, anailaza kwenye kitambaa inaangalia mchanga, kisha anakwenda kula. Ikiwa nyundo bado iko juu akimaliza, bastola ina adabu. Ikiwa imeshuka yenyewe, haina adabu, na haitakaa kiunoni mwa mtu yeyote. Akishaona adabu yake, anaifungua mpaka pini ya mwisho, anaiosha, anairudisha kwa mikono yake mwenyewe, halafu anailaza njaa tena.

Siku ilipofika kutoka kiwandani aliilaza njaa. Ikatulia kama mwali. Mume wangu akaivuta kwa kidole chake kibovu, akatabasamu meno yote. "Laini kama siagi! Jumatatu naingia nayo kazini."

"Jumatatu utaingia nayo nikishaiosha," dada yake akamwambia.

Akaifungua, akaiosha, akafumba macho, akaiunganisha. Nilikuwepo, nimeleta viazi na mchuzi. Akavuta kifyatulio kuijaribu: safi. Akapandisha nyundo, akailaza, tukakaa kula. Tulikuwa tunamsengenya jirani fulani, tena tumefika patamu, pale kwenye meza pakalia:

Ta!

Kijiko kilinitoka. Nikaangalia mlangoni, nikaangalia dirishani. Hakuna mtu. Bastola imelala palepale, haikusogea, ila nyundo imeshuka.

"Umeigusa?" nikauliza.

"Kwa mguu, wifi? Mikono yote imo kwenye mchuzi."

Akanawa, akaifungua upya. Akaangalia kila kitu kwa miwani ya kukuza: kijino kinachoshika nyundo hakijalika, pini hazijapinda, hakuna uchafu. Akaiunganisha, akavuta: safi. Akailaza. Tukakaa tunaitazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Kimya. Nzi akatua kwenye mtutu, akaondoka. Kimya. Nikasema, "Basi ilikuwa inatusalimia tu."

Ta!

Lililonitisha si mlio wenyewe, maana ni mlio mdogo, kama ulimi wa mtu anayesikitika. Lililonitisha ni kwamba ilikuwa inasubiri. Ukiiangalia, imetulia. Ukijisahau kidogo, inalia.

Alijaribu siku nzima, na kesho yake tena. Akapunguza mafuta, akaongeza mafuta. Akabadilisha pini, akabadilisha nyundo akaweka ya bastola nyingine. Kila mara akivuta, safi. Kila mara akiilaza, ta! Wakati mwingine kabla hajakaa, wakati mwingine amekwisha sahau. Meneja, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamrisha mvua, alikuja kuuliza kuna nini. Kibano akamwambia asubiri kidogo asikie. Akasubiri, akaanza kutoa hotuba kuhusu uvumilivu, na katikati ya neno bastola ikalia. Naapa yule mtu aliruka akagusa dari kwa kipara. Alama ilibaki pale mpaka walipopaka rangi.

Aliposhuka akasema jambo la maana, tusimcheke sana. "Hii haiwezi kutoka. Ikilia namna hii ina risasi ndani, iko pajani mwake, mguu umekwenda. Au iko mkononi, na mgongo wa dereva uko mbele yake."

"Na isipotoka?" nikauliza.

"Sina nyingine ya kumpa. Atatoka na rungu."

Gari lile lilikuwa limevamiwa siku si nyingi, na mwenzake mume wangu aliyekuwa zamu siku hiyo bado yuko hospitali, anakula kwa mrija. Wavamizi walimcheka walipomwona na rungu. Sasa mume wangu alikuwa na njia mbili: akae karibu na ule mlango na kipande cha mti, au akae na kitu kinachosubiri ajisahau. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

Mume wangu alipopita jioni hiyo alijifanya haogopi. Akakaa kwenye ukingo wa meza anatikisa mguu. "Lakini dada, nikuulize, usinirukie. Ilipotoka kiwandani uliilaza njaa, ikatulia. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Imeanza kulia ulipoifungua na kuirudisha wewe."

Kibano akaweka kitambaa chini polepole. "Sema vizuri, kaka. Sema nikusikie."

"Sisemi kitu. Nauliza tu."

"Unasema nimesahau kazi. Mimi! Nimekuunganishia hiyo bastola tangu una nywele!"

"Nywele zinaingiaje hapa?"

"Toka! Toka, nenda ukachonge rungu lako!"

Akatoka. Kibano akageukia dirisha, na mabega yakamshuka. Sikuwahi kumwona vile. Mtu mwenye ulimi ule akinyamaza, unahisi kama nyumba imeng'olewa mlango.

"Ana haki," akasema baadaye. "Kiwanda kilileta kitu kizima. Kinaharibika mikononi mwangu. Lakini vidole vyangu najua vinafanya nini, wifi. Navisikia."

"Unavisikia, lakini huvioni," nikamwambia. "Wewe si unafumba macho? Nitakuangalizia mimi. Bastola sijui, ila mkono wa mtu najua kuutazama."

Kesho yake asubuhi tukafunga mlango. Jua lilikuwa linaingia kwenye nondo na kuchora mistari juu ya kitambaa. Akapanga vyuma, akafumba macho. Mimi nikainamisha uso karibu na meza mpaka pua inanusa mafuta.

Akaweka hiki, akaweka kile. Kisha akaokota springi moja ndogo, ile inayosukuma kijino cha kushika nyundo. Ilikuwa na miguu miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Aliishika mguu mrefu ukiwa chini. Nikaona mgongo wa mkono wake unabonyea. Usinikatize. Nasema ulibonyea: vishimo vinne vidogo vilijitokeza kwenye ngozi yake, vimejipanga, kama mtu amemshika kwa ncha za vidole. Na ile springi ikapinduka taratibu, mguu mrefu ukaja juu. Ikaingia mahali pake. Vishimo vikafutika.

Ulimi wangu ulikuwa mkavu kama gunzi. "Wifi, mbona umeipindua?"

"Nimepindua nini?"

"Springi. Mguu mrefu ulikuwa chini, umeuleta juu."

Akafumbua macho. "Sijapindua kitu. Imeingia kama inavyoingia siku zote."

Akaitoa, akaiweka chini ya miwani. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akatia mkono kwenye kopo la springi zilizochoka, akatafuta moja ya zamani ya aina ileile ya bastola, akaziweka sambamba. Hata mimi niliona. Ya zamani ilikuwa imesokotwa kulia, mguu wake mrefu unakaa juu. Hii ya kiwandani ilikuwa imesokotwa kushoto. Walipolegeza kifyatulio walibadilisha springi, na hii mguu wake mrefu unatakiwa ukae chini. Ukiupeleka juu inaingia, haikatai, na nyundo inashikwa. Lakini inashikwa kwa kucha. Inakaa hivyo kidogo, halafu inachoka.

"Ndiyo hiyo," akasema. Akaanza kuiweka sawasawa, safari hii macho wazi.

Mkono ukabonyea.

Safari hii tuliona wote wawili, mchana kweupe. Kibano anasukuma springi kwenda chini, kitu kinaisukuma kuja juu. Mishipa ya mkono ilimtoka. Jasho likamtiririka, na hewa juu ya meza ilikuwa baridi kama ndani ya kisima. Springi ikamponyoka, ikaruka, ikaenda kuanguka chini ya kigoda.

Mimi nilishafika mlangoni. Nilisahau tu kwamba tumeufunga.

"Rudi hapa, mwoga," Kibano akasema, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba. "Hataki kutudhuru. Anadhani nakosea. Ananirekebisha kama zamani." Akatazama kile kigoda kitupu. "Springi hizi mpya zimekuja yeye ameshakwenda. Hajawahi kuziona. Nani amwambie?"

"Mwambie wewe, si mtu wako!"

Akachukua kigoda, akakigeuza kiangalie meza. Akaziweka zile springi mbili juu ya kitambaa, ya zamani na mpya, mbele ya kigoda. Akapiga goti kidogo, yeye ambaye hakumpigia goti hata meneja.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Wamebadilisha. Ya kwako ni hii, iko kulia. Hii imesokotwa kushoto, mguu mrefu unakaa chini. Mimi sikuidharau kazi yako. Angalia mwenyewe. Bastola hii ni ya kaka yangu, na mguu wake nauhitaji, maana ndio unaomleta nyumbani."

Tukatoka, tukafunga mlango kwa nje, tukasimama juani. Watu walikuwa wanapita na makaratasi, mmoja akaniuliza mbona natetemeka, nikamwambia nina malaria. Ndani hapakusikika kitu. Halafu tukasikia kigoda kinasogea kidogo, kama mtu anayejivuta karibu ili aone vizuri. Kibano akanishika mkono. Wa kwake ulikuwa baridi, wa kwangu umezidi.

Tulipoingia, kigoda kilikuwa kimegusa meza. Springi ya zamani haikuwepo kwenye kitambaa. Tuliikuta ndani ya kopo, juu ya wenzake. Mpya ilikuwa palepale, lakini ilikuwa imelowa mafuta ya taa, na beseni tulikuwa tumelifunika. Ilikuwa imelala mguu mrefu chini.

Kibano akakaa. Akafumba macho, na mimi nikatazama mkono wake. Vishimo vinne vikatokea, taratibu, kama vinaomba ruhusa. Mikono miwili ikafanya kazi pamoja, na springi ikaingia mguu mrefu chini bila kubishana. Pini ya mwisho ikakaa. Na kwenye ubao wa meza, mahali ambapo hapakuwa na kidole cha mtu yeyote:

Ko.

Kibano alilia, lakini alilia huku anapandisha nyundo, maana kazi ni kazi. Akailaza njaa. Hatukula siku hiyo, tulikaa tu. Meneja alichungulia dirishani, kichwa amekifunika kwa faili. "Imelia?" "Haijalia." Akaenda, akarudi. "Imelia?" "Bosi, ukiuliza tena nitalia mimi." Jua likatoka kwenye kitambaa, likapanda ukutani, likaondoka chumbani. Nyundo ilikuwa juu. Kibano akaijaribu tena na tena, akailaza mpaka Jumatatu asubuhi, na alipofungua mlango nyundo ilikuwa juu. Akamkabidhi kaka yake, na hakumtukana hata kidogo. Hapo ndipo mume wangu alipoogopa kweli.

Mimi nilishinda mlangoni siku ile. Kila gari lililopita lilipita juu ya moyo wangu. Akarudi jioni, miguu yote miwili, anapiga mluzi. Alisema palikuwa na vijana waliolisogelea gari mahali fulani, akaweka mkono kwenye bastola, wakamtazama, wakageuza njia. Bastola haikulia, wala yeye hakuivuta. Nikamshukuru Mungu, nikampa maji ya kunywa.

Alipopokea bilauri, kidole chake kile kigumu kilinigusa. Kilikuwa baridi. Na kilijikunja kwenye bilauri vizuri kabisa, kama kidole cha kijana.

"Kimepona?" nikauliza.

"Sijui," akasema, anakitazama. "Wale vijana walipokuja kilikuwa kimeganda. Halafu nikahisi kama mtu kaniwekea mkono juu ya mkono."

Nikauvuta ule mkono nikaunusa. Mafuta ya taa. Nikamwosha kwa sabuni, nikamwosha kwa ndimu, nikamsugua kwa majivu. Harufu haikutoka.

Kibano alikuja kesho yake kanuna. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Haji tena," akasema. "Nimefumba macho mpaka yameuma. Yuko wapi?" Nikamwonyesha kaka yake kwa kidevu. Akamshika mkono, akaunusa, akasema, "Basi. Ameona nimehitimu. Mtunze."

Na alitunzwa. Mume wangu alikaa karibu na ule mlango mpaka alipostaafu, na hakuna siku bastola ililia bila kuambiwa. Sikuwa na neno na Mzee Kobe. Ila jioni ileile ya kwanza, kabla hatujazima taa, nilisimama mlangoni mwa chumba chetu, nikauambia ule mkono uliokuwa umelala juu ya shuka:

"Shikamoo, mzee. Kazini uende naye, nakuomba sana. Humu ndani hapana."

Nikasikia kwenye ubao wa kitanda, ko.